Maumbo kwa watoto wenye mahitaji maalumu: chati ya ukutani isubiri, mpeni kwanza ndoo na kifuniko chake

Mwl_Kitengo

Wakuu, habari za jioni, poleni na majukumu.

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi ya serikali, huu ni mwaka wangu wa 11. Darasani nina watoto wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, wawili wenye mtindio wa ubongo na mmoja mwenye uoni hafifu. Kila Januari mzazi mpya ananijia na neno lile lile: "Mwalimu, nimenunua chati ya maumbo, nimebandika ukutani, kila siku namwonyesha, mbona hashiki?" Nimelijibu mlangoni, nimelijibu kwenye simu, nimelijibu nikiwa nimesimama ndani ya daladala. Leo nimekaa niandike lote. Mwenye kuongeza aongeze, mwenye kukosoa akosoe.

Chati ile ni kituo cha mwisho, na sisi tunashukia hapo siku ya kwanza. Umbo lililochorwa ni kivuli cha kitu. Mtoto mwingine kabla hajakutana na chati ameshafunika sufuria mara mia, ameviringisha tairi mtaani, ameminya mfuniko wa chupa ukakataa kuingia akaugeuza ukaingia. Huyu wetu mara nyingi amebebwa, amelishwa, amefungiwa ndani wageni wakija, akigusa kitu anaambiwa acha. Mkono wake haujapewa kazi. Kisha tunamsimamisha mbele ya ukuta tunataka aseme "pembetatu".

Kwa hiyo kwangu wiki za mwanzo hakuna jina la umbo lolote. Kuna ndoo ndogo na kifuniko chake. Kuna sahani, sinia, ungo, kata ya kubebea ndoo kichwani. Tunaviringisha, tunazungusha kidole ukingoni, tunafunika na kufunua. Nikiona mkono wake umeanza kuzunguka wenyewe bila kukwama, ndipo naweka neno moja tu: duara. Sisemi "hili ni umbo linaloitwa duara, umeona eh, kama jua". Maneno yote yale kwake ni kelele. Kidole kinazunguka, mdomo wangu unasema "duara", tunanyamaza, tunarudia.

Baada ya hapo nafuata hatua tatu. Kwanza mimi ndiye ninayetaja: "Duara." Siku nyingine naweka vitu viwili, duara na kitu kisichofanana nalo hata kidogo, mathalani kijiko, namwambia: "Nipe duara." Wengi wetu tunakosea hapa kwa kuweka duara na umbo la yai siku ile ile, tunamchanganya mtoto kwa mikono yetu. Hatua ya tatu ndiyo swali: "Hii ni nini?" Asiyesema anaonyesha kwa ishara au kwa macho, nalo ni jibu kamili. Mtoto anaweza kukaa hatua ya pili muhula mzima. Akae. Kutambua kunatangulia kutaja, na kutaja kunatangulia kuchora kwa mbali sana.

Hatua hizi si za kubuni kwangu. Zinatokana na Mfaransa Édouard Séguin, aliyefundisha watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris miaka ya 1840, wakati watu wengi waliamini watoto hao hawafundishiki. Yeye ndiye wa ule ubao wenye matundu ya maumbo ambao mtoto anachopeka kila kipande mahali pake. Baadaye Maria Montessori, daktari wa Italia aliyeanza kwa kufanya kazi na watoto wa aina hiyo hiyo, alizichukua mbinu za Séguin, akaziendeleza, na mwaka 1907 akafungua nyumba yake ya watoto mtaa wa San Lorenzo, Roma. Leo ubao huo unauzwa kwa bei ya juu kwa shule za chekechea za wenye uwezo. Nawaomba wazazi mlishike hili: zana hii ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wetu kwanza. Wengine waliikuta kwetu.

Sasa kosa langu, ili mwingine asilirudie. Mwaka wa pili kazini nilikata maduara yote kwenye manila nyekundu, miraba yote kwenye bluu, pembetatu zote kwenye njano. Darasa lilipendeza. Binti mmoja, nitamwita Zawadi, akawa anajibu yote bila kukosea, nikaandika kwenye daftari la maendeleo kwamba ameyamudu maumbo matatu. Siku moja mgeni akaokota kifuniko cheupe cha ndoo akamwuliza ni umbo gani. Kimya. Zawadi akageuka, akanyoosha kidole kwenye sweta jekundu la mwenzake: "Duara." Miezi mitano nilikuwa namfundisha rangi. Aliyekosea ni mimi, na aliyerudi mwanzo ni yeye. Tangu siku hiyo umbo moja nalikata kwa rangi tofauti, ukubwa tofauti, vitu tofauti: mbao, boksi, raba, kitambaa. Watoto wetu, hasa wenye usonji, huwa wanashika sifa moja ya kitu na kuiacha mingine yote. Usipobadilisha hujui ameshika ipi.

Vivyo hivyo pembetatu. Vitabu vinaichora imekaa kitako, kilele juu, kama paa. Igeuze kichwa chini uone, hata watoto wasio na ulemavu wengi watakwambia siyo. Mimi naiweka mezani naizungusha taratibu mbele ya macho yao, iendelee kuitwa jina lile lile.

Kuhusu majina, Kiswahili kimetubeba mahali na kutuchosha mahali. Pembetatu imejieleza: gusa pembe, moja, mbili, tatu. Mtoto anayehesabu hadi tatu ameshapata nusu ya neno. Lakini mstatili! Ulimi mzito wa mtoto mwenye sindromu ya Down unaanzaje na m, s na t kwa pamoja? Nina mvulana anasema "tili". Kwangu amepata. Nikimsahihisha kila mara atanyamaza kabisa, na nitakuwa nimempotezea neno kwa sababu ya herufi.

---

MamaB_Tandika

Mwalimu Mungu akubariki, umenitoa machozi hapo kwenye kufungiwa ndani.

Mwanangu ana miaka 6, ana sindromu ya Down. Nilimnunulia kile kiboksi cha plastiki chenye matundu, chenye maumbo kama kumi hivi. Dakika moja anajaribu, akishindwa anakirusha. Sasa kila akikiona anakirusha hata kabla hajajaribu. Nifanye nini, au bado hajafikia?

---

Mwl_Kitengo

Mama B, amefikia. Kiboksi ndicho kimemtangulia. Matundu kumi ni maswali kumi kwa pigo moja, na anachojifunza pale ni kushindwa.

Kifiche wiki mbili akisahau. Ukikitoa, ziba matundu yote kwa karatasi ya gundi ubakize la duara tu. Duara haligomi, ulishike vyovyote linaingia, wakati mraba unataka uulenge pembe zake. Halafu anzia mwisho. Wewe chukua kipande, wewe kipeleke, wewe kiingize nusu, yeye akisukume tu kidogo kidumbukie. Kile kishindo cha kudumbukia ndicho malipo yake. Kesho unamwachia mapema zaidi, keshokutwa mapema zaidi, hadi siku anaokota mwenyewe. Kwa njia hii kila zoezi linaisha amefaulu.

Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Simamisha akiwa bado anataka.

Na tafadhali mpeleke akapimwe masikio kama bado. Watoto wenye hali hii wengi wana matatizo ya kusikia yanayokuja na kuondoka, na sisi tunadhani ni mkaidi. Macho yake huenda ndiyo mlango wake mkubwa kuliko masikio, kwa hiyo mwonyeshe zaidi ya kumwambia.

---

Mzee_wa_Kibamba

Salaam. Mimi ni babu, nalea mjukuu wa miaka 7 mwenye ulemavu wa akili. Mwalimu nakuheshimu, ila naomba niulize kwa nia njema. Mjukuu wangu hajui kwenda chooni mwenyewe, hajui kufunga shati. Haya maumbo yatamsaidia nini? Au tunafundisha kwa sababu mtaala umesema?

---

Mwl_Kitengo

Shikamoo babu. Swali lako ni zito na walimu wengi tunalikwepa.

Choo kwanza. Mzazi akiniambia ana saa moja tu kwa siku, na mtoto hajaweza choo, namwambia hiyo saa yote iende chooni. Sitamdanganya mtu kwamba pembetatu ni muhimu kuliko kujisitiri.

Lakini babu, hilo shati. Kifungo ni duara, tundu lake ni mwanya mwembamba, na ili kiingie lazima akisimamishe upande. Hiyo ni kazi ya umbo mtupu. Kiatu cha kulia na cha kushoto, ni umbo. Kifuniko kipi cha sufuria ipi, ni umbo. Mjukuu wako anapohangaika na kifungo huenda vidole vina nguvu ya kutosha, ila jicho na mkono havijazoea kukubaliana kwamba hiki kinaingia pale kikigeuzwa hivi. Mpe kopo la maziwa, toboa mfuniko wake mwanya, mpe vifungo vikubwa vya koti avidumbukize mwanyani. Nyoosha kingo za bati kwanza zisimkate. Utakuwa unafundisha shati bila kugusa shati.

Herufi nazo zimejengwa kwa vipande hivi hivi. Mtoto kwa kawaida huiga kuchora duara akiwa na miaka 3 hivi, msalaba kwenye 4, mraba akielekea 5, pembetatu baada ya hapo, kwa sababu mistari ya mshazari ni migumu. Wetu anachelewa, ila aghalabu hupita njia hiyo hiyo. Nikimwona mwalimu anamlazimisha mtoto kuandika "k" wakati hajaweza kufunga duara likakutana, namwonea huruma mtoto.

---

Baba_wa_mpangaji

Mwalimu, wangu ana usonji, miaka 5, haongei. Vifuniko vya soda anavipanga mstari kutoka sebuleni hadi jikoni, vimenyooka kama vimepigwa rula. Nikimpa umbo lolote analiweka kwenye mstari. Nikigusa mstari ni kilio cha nusu saa. Sasa nitamfundishaje mtu ambaye hanitaki kwenye mchezo wake?

---

Mwl_Kitengo

Kaka, huyo ameshaanza. Anayepanga vifuniko vimenyooka hivyo jicho lake linaona vizuri kuliko langu.

Usiuguse mstari wake. Kaa pembeni, panga wako, kimya, vifuniko vile vile. Siku kadhaa. Akizoea kwamba wewe si mharibifu, kwenye mstari wako weka kifuniko, kipande cha mraba, kifuniko, kipande cha mraba. Usimwambie kitu. Wengi wanakuja kuangalia. Wengine wanakuja kurekebisha ukikosea mpangilio kwa makusudi, na siku akikurekebisha ujue amekwambia "hapa panatakiwa mraba" bila kufungua mdomo.

Kisha mletee mabakuli mawili, moja limebandikwa duara ndani, lingine mraba. Kazi iwe na mwanzo na mwisho unaoonekana: kikapu cha kushoto kimejaa, anagawa, kikiisha tumemaliza, chai. Watoto wenye usonji hutulia wakiona kazi inaishia wapi. Wataalamu wa chuo kikuu katika Jimbo la North Carolina huko Marekani walijenga utaratibu mzima juu ya jambo hilo tangu miaka ya 1970.

Jambo moja la kujiandaa: akiweza mezani pa nyumbani, shuleni anaweza asiweze. Hajasahau. Kwake lile lilikuwa ni jambo la meza ile. Unalifundisha upya kwa bibi, upya barazani, upya sokoni, na kila mara linakuwa jepesi kidogo.

---

Nukta_Sita

Mwl_Kitengo umeandika vema, ila umetuacha sisi wa wasioona mlangoni. Nafundisha watoto wasioona kabisa, niongeze.

Mwenzenu anayeona analipata duara kwa mtupo mmoja wa jicho. Wangu analipata kipande kwa kipande kupitia ncha ya kidole, na lazima akumbuke alikoanzia. Akizunguka duara hajui kama amemaliza au anaendelea, atazunguka hata mara kumi. Kwa hiyo natia fundo dogo la uzi ukingoni. Akirudi kwenye fundo, amefika. Njiani hakukutana na kona hata moja, basi ni duara. Kwenye mraba anahesabu kona hadi fundo.

La pili, msishike mikono ya watoto wasioona mkaiburuta. Mikono ndiyo macho yao. Wewe ungependa mtu akushike kichwa akugeuze uangalie? Weka mkono wako chini, wake juu ya wako, mwende pamoja, yeye akiwa huru kujitoa.

Na anzeni na vitu vyenye unene. Karatasi tambarare yenye mstari ulioinuka ni picha pia, ije baadaye. Kwanza mpira, tofali, chungu. Kwa mwenye uoni hafifu, mweusi juu ya njano au juu ya mweupe, na msitumie karatasi zinazong'aa, mwanga unamrudia usoni.

---

Mwl_Kitengo

Nukta Sita asante sana. La fundo nalichukua kesho asubuhi kwa yule wangu. Na nakiri, nilikuwa naburuta mikono.

---

Nyali_Kwetu

Hamjambo ndugu zetu wa Bara. Niko Mombasa, nafunza kitengo maalum, nilisomea KISE, chuo cha elimu maalum kule Nairobi.

Mimi zana yangu ni kandambili kuukuu. Ile soli nene naiosha kwa sabuni na maji moto, naikausha, naichora umbo, naikata kwa kisu kikali. Kile kipande nilichokitoa ndicho umbo, na soli iliyobaki yenye tundu ndiyo ubao wake. Vinakaana barabara maana vimetoka mwili mmoja. Hakivunjiki, hakikati mtu, kikirushwa hakipigi kelele, kikitiwa mate kinaoshwa. Ukigandisha chini yake kibao chembamba basi mtoto hawezi kukipenyeza upande wa pili. Pwani hapa kandambili huletwa na bahari yenyewe, sijanunua hata moja.

Nao wakati wa kula usipite bure. Mahamri yangu ni pembetatu, sambusa pembetatu, kashata nakata miraba, vileja duara. Nauliza, "Wataka ipi?" Mtoto wangu mmoja hakuwahi kunitazama usoni mwaka mzima. Siku ya mahamri alichora pembetatu hewani kwa kidole. Nilimpa mawili.

---

TibaKazi_Moshi

Nimefurahi kuusoma uzi huu. Kwa wenye mtindio wa ubongo, kabla ya umbo angalieni kiti. Miguu ikining'inia, nguvu zote za mtoto zinaishia kujizuia asianguke, mikono haibakiwi na kitu. Miguu ikanyage chini au kwenye boksi, meza ifike usawa wa viwiko. Chini ya ubao tandika kitambaa kibichi usiteleze. Kwenye kila kipande gundisha shingo ya chupa ya plastiki iwe kishikio, vidole visivyofunguka vizuri vitaweza.

Mikono ikikataa kabisa, shika maumbo mawili mbali mbali usawa wa macho yake, uliza, kisha subiri. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Watu wengi wanauliza mara ya pili mtoto akiwa njiani kujibu la kwanza, anarudi mwanzo.

Na la usalama kwa wote wanaotia vitu mdomoni: kinachopita ndani ya lile bomba la katikati la karatasi ya chooni ni kidogo mno, kinaweza kumkaba. Hapo vifuniko vya soda vimo. Kaka mwenye mistari, kama wako anatia mdomoni, hamia vifuniko vya ndoo au vya makopo makubwa.

---

Baba_wa_mpangaji

Hatii mdomoni ila nimesikia, nabadilisha. Jana nilikaa pembeni nikapanga wangu. Hakunifukuza.

---

Mzee_wa_Kibamba

Mwalimu, marahaba. Kopo nimetoboa, kingo nimezinyoosha kwa nyundo. Mjukuu kadumbukiza kifungo kimoja akacheka na kile kishindo, kisha akataka kopo lifunguliwe akitoe arudie. Tulikaa mpaka adhana. La choo tunaendelea nalo asubuhi.

---

MamaB_Tandika

Narudi wakuu, imepita wiki ya tano. Nilifanya kama ulivyosema, tundu moja, anamalizia yeye. Wiki ya tatu akawa anaokota mwenyewe. Wiki hii nilimfungulia tundu la mraba nalo.

Jana nakaanga chapati, ya kwanza ilinitoka vibaya, upande mmoja umekatika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ananiangalia. Akaishika, akazungusha kidole ukingoni, akafika pale palipokatika akasimama. Akanitazama, akaiweka chini. Akachukua ya pili, akazungusha hadi mwisho, akasema "dua". Mwalimu, sijawahi kumfundisha kwa chapati.

Nimwongezee pembetatu sasa?

---

Mwl_Kitengo

Mama B nimesoma hii mara tatu. Amefika peke yake mahali ambapo Zawadi wangu nilimchelewesha.

Pembetatu bado. Mraba aliupata lini, wiki hii? Mwache aumalize. Tafuta mraba usio wa kiboksi: kigae cha sakafu, leso ya mkononi iliyokunjwa, mto wa kiti. Mgeuzie ukae kwa pembe uone kama bado ni ule ule kwake. Na kesho mpe donge la unga na yeye asukume chapati yake, itoke umbo lolote litakalotoka, muile.